Kuwasilisha ritani ni jambo moja, kulipa kodi ni jingine: ufafanuzi kwa aliyejiajiri

Mwajiriwa anaweza kufanya kazi miaka mingi bila kujua kodi yake inakokotolewaje, kwa sababu mwajiri huikata kwenye mshahara, huipeleka panapohusika na kumkabidhi yeye kilichobaki. Siku anapojiajiri, awe mtafsiri, fundi, mpiga picha, mshauri wa kitaalamu au dereva anayepata abiria kupitia programu ya simu, kazi hiyo yote humwangukia mwenyewe: kukokotoa kodi, kuitolea taarifa kwa ritani (fomu rasmi ya kutangaza mapato na kodi), na kuilipa. Matatizo mengi ya watu waliojiajiri hayaletwi na hila wala na ukubwa wa kodi yenyewe. Huletwa na tabia ya kuzichukulia kazi hizo tatu kama jambo moja, kiasi kwamba anayekwama katika moja huziacha zote. Aliyekosa fedha za kulipa hawasilishi ritani, asiyeziamini hesabu zake hafungui barua ya mamlaka ya kodi, na mwaka mmoja ulioachwa hivyo huwa sababu ya kuuacha wa pili.

Sheria za nchi nyingi, hata zinazotofautiana sana katika viwango, huzitenganisha kazi hizo waziwazi na kuziwekea tarehe tofauti, adhabu tofauti na njia tofauti za kujinasua. Mlipakodi anayezitenganisha na yeye katika akili yake huwa ameshavuka sehemu ngumu zaidi.

Kinachotozwa kodi

Kwa kawaida kodi ya mapato ya aliyejiajiri hutozwa juu ya faida, yaani mauzo yote ya mwaka ukiondoa gharama zilizotumika kuyapata, wala si juu ya kila fedha iliyoingia kwenye akaunti. Mkopo ulioingia si mauzo, akiba ya zamani aliyoitia mtu kwenye biashara yake si mauzo, na fedha alizojitolea mwenyewe kwa matumizi ya nyumbani si gharama hata akiziita mshahara, kwa sababu mtu binafsi anayefanya biashara kwa jina lake hawezi kujiajiri na kujilipa. Kosa hili la mwisho ni la kawaida sana kwa wanaotoka kwenye ajira, nao hushangaa hesabu ya kodi inaporudisha ndani ya faida kile walichokwisha kukitoa.

Zipo nchi zinazowapa wafanyabiashara wadogo njia ya mkato, ambapo kodi hukokotolewa kwa asilimia ndogo ya mauzo bila kuulizana habari za gharama. Kenya, kwa mfano, hutoza kodi ya mauzo ya asilimia 3 kwa biashara ambazo mauzo yake ya mwaka yanazidi shilingi milioni 1 lakini hayavuki milioni 25, nayo hulipwa kila mwezi kabla ya kupita tarehe 20 ya mwezi unaofuata. Wepesi huo una gharama zake. Anayelipa kwa mauzo hulipa hata mwaka aliopata hasara, na mwenye biashara ya faida nyembamba, kama muuzaji wa jumla, anaweza kujikuta analipa sehemu kubwa ya faida yake kuliko angelipa kwa njia ya kawaida. Zaidi ya hayo, njia hiyo haiko wazi kwa kila mtu: nchini humo ada za kitaalamu, za usimamizi na za mafunzo hazimo, kwa hiyo mshauri anayejisajili humo kwa kuwa mauzo yake ni madogo huwa amejiweka mahali asipostahili na atakuja kutakiwa kodi upya.

Kwa anayelipa kwa faida, mvutano wote uko kwenye gharama. Kipimo kinachotumika, kwa maneno yanayofanana katika sheria nyingi zilizorithi mfumo wa Uingereza, ni kwamba gharama iwe imetumika kwa ajili ya biashara pekee. Neno hilo “pekee” lina meno kuliko linavyoonekana. Mwaka 1983 Baraza la Mabwana, wakati huo mahakama ya juu kabisa ya Uingereza, liliamua shauri la wakili Ann Mallalieu, aliyetaka gharama za nguo nyeusi alizozivaa mahakamani zipunguzwe kwenye mapato yake; alieleza kwamba asingezinunua kamwe isipokuwa kwa masharti ya kazi. Majaji walikataa, kwa hoja kwamba binadamu huvaa nguo pia ili asitirike na apate joto, na kwamba lengo hilo lilikuwamo hata kama yeye hakulifikiria. Binafsi naona uamuzi huo ni mkali, lakini unafundisha namna wakaguzi wa kodi wanavyosoma gharama zinazogusa mwili, nyumba na tumbo la mlipakodi.

Vitu vinavyotumika kotekote, kama simu, intaneti, gari na chumba cha nyumbani kilichogeuzwa ofisi, mara nyingi hugawanywa, sehemu ya kazi ikapunguzwa na sehemu ya nyumbani ikabaki. Mgawanyo huo usiwe wa kubuni. Mtu anayesema asilimia 70 ya simu yake ni ya kazi anapaswa kuwa na njia ya kuonyesha alivyoipata hiyo 70, hata kama ni orodha ya mwezi mmoja tu wa kawaida aliyoihesabu kwa uangalifu. Kwa chumba cha kazi, sheria ya Marekani inataka sehemu hiyo itumike kwa kazi peke yake na kwa utaratibu wa kudumu, jambo linalomtoa nje anayefanyia kazi kwenye meza ya chakula. Anayekidhi sharti hilo anaruhusiwa kutumia hesabu rahisi ya dola 5 kwa kila futi ya mraba, mwisho futi 300. Vifaa vya kudumu, kama kompyuta au mashine, huwa na kanuni zake: katika nchi nyingi bei yake haipunguzwi yote mwaka wa ununuzi bali hugawanywa kwa miaka kadhaa kama uchakavu, ingawa zipo zinazoruhusu yote kwa mkupuo.

Kisha kuna ushahidi. Gharama ya kweli isiyo na stakabadhi ni gharama iliyopotea, na mkondo wa sasa unazidi kukaza kamba hiyo: Kenya, tangu tarehe 1 Januari 2024, gharama nyingi za biashara hazikubaliwi kama hazina ankara ya kielektroniki iliyotolewa kupitia mfumo wa mamlaka ya kodi. Maana yake ni kwamba uangalizi wa kodi unaanza dukani, wakati wa kununua, si usiku wa kujaza ritani. Stakabadhi zinazochapishwa kwa karatasi ya joto hufifia zikabaki nyeupe kabla miaka ya kuzihifadhi haijaisha, kwa hiyo zipigwe picha wiki ileile na picha zihifadhiwe kwa mwezi na mwaka. Muda wa kuhifadhi hutofautiana. Kenya ni miaka 5, na Uingereza ni angalau miaka 5 kuanzia tarehe 31 Januari ya mwisho wa kuwasilisha ritani ya mwaka husika.

Kodi iliyokatwa na mteja

Hapa ndipo hesabu za watu wengi huharibika bila wao kujua. Katika nchi kadhaa, mteja anayemlipa mtoa huduma hutakiwa kukata sehemu ya malipo na kuipeleka serikalini kama kodi ya zuio. Tuseme ankara ni ya 1,000 na kiwango cha zuio ni asilimia 5. Mtoa huduma hupokea 950, na 50 hupelekwa kwa mamlaka ya kodi kwa jina lake na kwa namba yake ya mlipakodi.

Anayeandika kwenye daftari lake mapato ya 950 amekosea mara mbili. Mapato yake ni 1,000, na ile 50 si gharama wala hasara: ni kodi yake mwenyewe iliyolipwa mapema. Mwisho wa mwaka atakokotoa faida kwa kutumia 1,000, atapata kodi ya mwaka, kisha ataondoa jumla ya zile 50 zote zilizokatwa. Zikizidi kodi ya mwaka, anadai marejesho au ziada hiyo inapelekwa mwaka unaofuata, kadiri sheria ya mahali inavyosema. Wapo wanaofanya kosa la upande wa pili, la kudhani kwamba kwa kuwa kila mteja alishakata kodi, basi wao hawana cha kuwasilisha. Zuio la aina hii huwa ni malipo ya awali tu, na wajibu wa ritani unabaki palepale. Aina chache za mapato hutozwa zuio kama kodi ya mwisho, na ni vizuri kujua kwa kila aina ya malipo ni ipi kati ya hizo mbili.

Ugumu mkubwa ni hati. Zuio ambalo mteja amelikata lakini hakulipeleka, au amelipeleka bila kuitaja namba sahihi ya mlipakodi, halionekani kwenye akaunti ya mlipakodi, na mfumo utalihesabu kama deni. Kwa hiyo hati ya zuio idaiwe kwa kila malipo, ndani ya mwezi huohuo, mteja akiwa bado anakumbuka na mhasibu wake bado yupo. Kuidai baada ya miezi kumi na nne ni kazi ya kumtafuta mtu aliyekwisha kuhama kazi.

Kwa mapato yanayotoka nje ya nchi, suala ni lilelile kwa sura nyingine. Nchi nyingi humtoza mkazi wake kodi kwa mapato ya kazi yake bila kujali mteja yuko wapi. Mteja wa Marekani humwomba mtoa huduma wa kigeni ajaze fomu ya W-8BEN, na wengi huiogopa wakidhani wanajisajili kulipa kodi kule. Kinyume chake, fomu hiyo inathibitisha kwamba mhusika si mlipakodi wa Marekani, na kwa kanuni ya nchi hiyo malipo ya huduma huhesabika kuwa ya mahali kazi ilipofanyika, hivyo kazi iliyofanywa na mgeni akiwa nje ya Marekani kwa kawaida haikatwi kodi huko. Ikitokea kodi imekatwa nje kihalali, nchi nyingi hutoa nafuu ili mapato yaleyale yasitozwe mara mbili, ila nafuu hiyo nayo haitolewi bila hati.

Dhana kwamba mapato ya mtandaoni hayaonekani imepitwa na wakati. Umoja wa Ulaya ulianza mwaka 2023 kuwataka wenye majukwaa ya kidijitali kukusanya taarifa za wauzaji na watoa huduma na kuziwasilisha kwa mamlaka za kodi, na Uingereza ikafuata kuanzia tarehe 1 Januari 2024. Kodi haikuongezeka kwa hatua hiyo. Kilichoongezeka ni uwezekano wa takwimu mbili, ya jukwaa na ya mlipakodi, kuwekwa pamoja na kuonekana hazilingani.

Mwaka wa kwanza na mshituko wa awamu

Serikali haipendi kusubiri fedha mwaka mzima, kwa hiyo aliyejiajiri hutakiwa kulipa kwa awamu juu ya kodi ambayo bado haijajulikana. Tanzania, mlipakodi wa kundi hili hutoa makadirio ya mapato yake mwanzoni mwa mwaka na kulipa kwa awamu nne za miezi mitatu mitatu, kisha huwasilisha ritani ya mwisho ndani ya miezi sita baada ya mwaka wa mapato kuisha. Marekani, tarehe za awamu ni 15 Aprili, 15 Juni, 15 Septemba na 15 Januari. Anayetazama kwa makini ataona kwamba kati ya awamu ya kwanza na ya pili ni miezi miwili tu, na hapo ndipo wageni wa utaratibu huo hunaswa.

Mfumo wa Uingereza unastahili kuangaliwa kwa karibu, kwa sababu unaonyesha vizuri jinsi mtu mwaminifu anavyoweza kuishiwa fedha bila kosa lolote la hesabu. Chukua mtu aliyejiajiri kwa mara ya kwanza ambaye kodi ya mwaka wake wa kwanza ni pauni 3,000. Inatakiwa tarehe 31 Januari baada ya mwaka wa kodi kuisha, na yeye ameziweka akiba zote 3,000. Siku hiyohiyo, hata hivyo, anatakiwa kulipa pia nusu ya kiasi hicho, pauni 1,500, kwa ajili ya mwaka unaoendelea, na nusu nyingine tarehe 31 Julai. Aliyejiandaa kwa 3,000 anadaiwa 4,500 Januari, na 1,500 tena baada ya miezi sita. Hakuna aliyeongezewa kodi. Amesogezwa tu kutoka kulipa nyuma hadi kulipa mbele. Utaratibu huo hauwahusu wenye deni la chini ya pauni 1,000 wala wale ambao zaidi ya asilimia 80 ya kodi yao ilishakatwa kwenye chanzo. Anayejua kwamba mapato yake yameshuka anaweza kuomba awamu zipunguzwe, ila akizipunguza kupita kiasi atatozwa riba kwa pengo.

Kwenye makadirio, Marekani ina kanuni ya busara: aliyelipa kwa awamu angalau asilimia 100 ya kodi ya mwaka uliopita, au asilimia 90 ya kodi ya mwaka huu, hatozwi adhabu ya awamu hata kama mapato yalipanda ghafla. Wenye mapato ya juu, zaidi ya dola 150,000 mwaka uliopita, hutakiwa asilimia 110. Faida ya kanuni hiyo ni kwamba mtu halazimiki kutabiri. Anajua kiasi salama tangu mwezi wa kwanza.

Palipo na michango ya hifadhi ya jamii, ihesabiwe pamoja, maana kwa aliyejiajiri hakuna mwajiri wa kuchangia nusu ya pili. Marekani, mzigo huo ni asilimia 15.3 juu ya karibu faida yote, kwa yeyote mwenye faida ya dola 400 au zaidi, hata asiyefikia kiwango cha kulipa kodi ya mapato. Vijana wengi huingia deni kwa mlango huu, wakiwa wameambiwa kwa haki kabisa kwamba kipato chao ni kidogo mno kutozwa kodi ya mapato.

Ushauri wa kutenga asilimia fulani ya kila malipo umezoeleka, lakini asilimia isichukuliwe kwa mtu mwingine. Anayeendesha kazi kwa mwaka wa pili na kuendelea achukue jumla ya kodi na michango ya mwaka uliopita, aigawe kwa jumla ya mapato ghafi ya mwaka huohuo. Uwiano anaoupata ndio sehemu ya kutenga kila fedha inapoingia, kwenye akaunti tofauti isiyo na kadi. Wa mwaka wa kwanza hana uwiano huo, na kwake ni heri akisie juu kuliko chini.

Anayedaiwa na hana

Sasa lile lililotajwa mwanzoni. Tarehe imefika, hesabu imefanyika, na fedha hazipo. Wengi huacha ritani bila kuwasilisha, kwa hisia kwamba kuiwasilisha ni kukiri deni wasiloweza kulilipa, na kwamba kimya kinawanunulia muda. Adhabu za kisheria zimepangwa kwa mantiki iliyo kinyume kabisa.

Marekani, kutowasilisha ritani hutozwa asilimia 5 ya kodi inayodaiwa kwa kila mwezi au sehemu ya mwezi, mwisho asilimia 25. Kutolipa hutozwa asilimia 0.5 tu kwa mwezi, na miezi inapogongana, adhabu ya pili hupunguzwa kwenye ya kwanza. Mwenye deni la dola 10,000 aliyechelewa miezi mitano kwa yote mawili anadaiwa adhabu ya 2,500. Mwenzake mwenye deni lilelile, asiye na senti vilevile, lakini aliyewasilisha ritani kwa wakati, anadaiwa 250. Wote wawili wanadaiwa riba juu yake. Tofauti ya 2,250 haihusiani na uwezo wa kulipa. Ni bei ya kunyamaza. Tena aliyewasilisha kwa wakati akaingia mkataba wa kulipa kwa awamu hupunguziwa kile kiwango cha 0.5 kuwa 0.25 kwa mwezi.

Uingereza, ritani iliyochelewa hata siku moja hutozwa pauni 100, hata kama hakuna kodi ya kulipa. Baada ya miezi mitatu huongezeka pauni 10 kwa siku, mwisho siku 90, kisha adhabu nyingine za miezi sita na ya mwaka. Kenya, mtu binafsi anayechelewa hutozwa asilimia 5 ya kodi husika au shilingi 2,000, kile kilicho kikubwa, na hiyo 2,000 humpata hata asiye na mapato yoyote kama amejisajili na hakuwasilisha ritani ya sifuri. Anayesema “sikupata kitu mwaka huu, kwa hiyo sina cha kuwasilisha” amejibu swali ambalo hakuulizwa.

Jambo jingine linalochanganya ni nyongeza ya muda. Pale inapotolewa, mara nyingi huongeza muda wa kuwasilisha bila kuongeza muda wa kulipa. Mlipakodi wa Marekani anayeomba nyongeza hupewa hadi tarehe 15 Oktoba kuleta ritani, lakini kodi ilikuwa inatakiwa Aprili, na riba inaanza kuhesabiwa hapo.

Utaratibu wa mwenye deni, basi, ni kuwasilisha ritani sahihi kwa wakati, kulipa kile kilichopo hata kikiwa kidogo, na kuomba mpango wa awamu kabla hajafuatwa. Maombi yanayokubalika ni yale yenye hesabu: mapato ya mwezi, matumizi ya lazima, na kiasi kinachoweza kulipwa bila kukosa. Kuahidi kikubwa ili kumridhisha afisa ni hatari, kwa sababu mpango uliovunjwa hufutwa na deni lote hudaiwa mara moja, na wa pili hupatikana kwa shida. Tena mpango haumwondolei mtu wajibu wa mwaka unaoendelea. Anayelipa deni la zamani huku akiacha la mwaka huu liote hajasogea.

Miaka iliyorukwa

Ritani ikikosekana, mamlaka ya kodi haibaki mikono mitupu. Sheria nyingi huipa uwezo wa kukadiria kodi yenyewe kutokana na taarifa ilizonazo, na taarifa hizo kwa kawaida zinaonyesha mapato, kwani wateja na benki huripoti walicholipa, lakini hazionyeshi gharama. IRS, mamlaka ya kodi ya Marekani, ikimtengenezea mtu ritani ya namna hiyo, haimhesabii gharama zake za biashara. Matokeo ni deni kubwa kuliko la kweli, na dawa yake mara nyingi ni kuwasilisha ritani halisi ya mwaka ule, hata kwa kuchelewa. Uingereza, ritani halisi huondoa makadirio ya mamlaka ikiwasilishwa ndani ya miaka 3 tangu tarehe yake ya mwisho. Kwa aliyekatwa zuio miaka yote, kuwasilisha kunaweza hata kufichua kwamba yeye ndiye anayedai. Ila haki ya kudai nayo huisha, na Marekani huisha miaka 3 baada ya tarehe ya ritani husika.

Mwenye miaka kadhaa nyuma asianze kwa kujaza fomu. Aanze kwa kupata kutoka kwa mamlaka taarifa ya akaunti yake, inayoonyesha miaka ipi haina ritani, miaka ipi imekadiriwa, na malipo gani yamepokelewa. Mara kwa mara sehemu ya deni huwa ni malipo halisi yaliyoingizwa kwenye mwaka au aina ya kodi isiyo yake kwa sababu namba ya malipo ilitengenezwa vibaya. Hilo hurekebishwa kwa barua na uthibitisho wa benki, bila kulipa tena. Baada ya hapo hukusanywa taarifa za benki za miaka yote, na ritani huwasilishwa kuanzia mwaka wa zamani kuja mbele, kwa sababu hasara na ziada za mwaka mmoja huingia kwenye hesabu za unaofuata.

Kujitokeza mwenyewe kabla ya kuitwa kuna uzito wake katika sheria. Mpango wa hiari ambao Kenya iliuendesha kwa miaka mitatu kuanzia Januari 2021 ulisamehe adhabu na riba kwa asilimia 100 kwa waliotangaza na kulipa mwaka wa kwanza, 50 mwaka wa pili na 25 mwaka wa tatu. Hata pasipo na mpango maalumu, adhabu huweza kuombewa msamaha kwa sababu za msingi kama ugonjwa mzito, msiba au hitilafu ya mfumo wa mamlaka, mradi ziwe na ushahidi na tarehe zilingane. Marekani humfikiria pia aliyekuwa safi kwa miaka 3 iliyotangulia, bila kumtaka sababu yoyote. Riba ni ngumu zaidi kusamehewa kuliko adhabu.

Kosa lililoonekana baada ya kuwasilisha si janga, kwani ritani hurekebishwa. Uingereza mlipakodi ana miezi 12 tangu tarehe ya mwisho ya kuwasilisha. Lakini tathmini iliyotolewa na mamlaka, ambayo mlipakodi haikubali, inahitaji pingamizi rasmi, na hapo saa inakimbia kweli. Kenya, Tanzania na Uingereza zote hutoa siku 30. Tanzania huongeza sharti la kulipa kwanza kodi isiyobishaniwa au theluthi moja ya iliyotathminiwa, kile kilicho kikubwa, ili pingamizi lipokelewe. Kulalamika kwa simu, au kuzungumza vizuri na afisa aliyeahidi kulishughulikia, hakusimamishi siku hizo. Pingamizi liandikwe, litaje tathmini kwa namba yake, lieleze kipengele kinachopingwa na sababu zake, liambatanishe ushahidi, na mwandishi abaki na uthibitisho wa kupokelewa.

Wakala na kufunga hesabu

Kumlipa mshauri wa kodi kunafaa hasa mwaka wa kwanza, mwaka wa mapato ya nje, na mwaka wa ukaguzi; kwa mwaka wa kawaida, mwenye kumbukumbu safi anaweza kujifanyia. Ila anayetumia wakala abaki na mambo matatu mkononi mwake: neno la siri, barua pepe na namba ya simu zilizosajiliwa kwenye akaunti ya kodi. Wakala aliyemsajili mteja kwa barua pepe yake mwenyewe ndiye atakayepokea tathmini, na siku 30 zitapita mteja hana habari. Mlipakodi aombe nakala ya kila ritani pamoja na risiti ya mfumo kabla ya kulipa ada, na aisome, maana mbele ya sheria ritani ni yake bila kujali nani aliijaza. Wakala anayeahidi marejesho makubwa kabla hajaona stakabadhi hata moja hafai.

Biashara inapofungwa, au mtu anaporudi kwenye ajira, usajili wa aina za kodi zinazohusu biashara ufutwe rasmi, kuanzia kodi ya ongezeko la thamani kama alikuwa amesajiliwa, kwa kuwa hiyo mara nyingi hudai ritani kila mwezi au kila robo mwaka. Mfumo haujui kwamba kazi imekoma. Utaendelea kusubiri ritani na kuandika adhabu kwa kila inayokosekana, na barua zitakwenda kwenye anwani ya zamani. Ombi la kufuta huambatana na ritani ya mwisho inayoishia siku ya kufunga, maelezo ya vifaa na bidhaa zilizobaki, na malipo ya deni au mpango wake; stakabadhi za miaka iliyotangulia zinaendelea kuhifadhiwa hadi muda wa kisheria uishe, kwa sababu mkaguzi ana haki ya kuuliza habari za biashara ambayo haipo tena.